Kwa Ami, Liwali Aliyekataa Nyumba ya Mawe

Mpendwa Ami,

Shikamoo. Tangu tukuzike nnazungumza nawe karibu kila siku, nikiwa jikoni nakuna nazi au nikiimwagia maji miti yangu ya malimau hapa Azaiba, Maskati, mpaka wajukuu wananiuliza, "Bibi, unasema na nani?" Nnawaambia nnasema na Liwali. Wao wanacheka. Leo lakini sitaki tuseme peke yetu. Nnataka na watu wasikie, ndiyo maana nnaandika.

Juzi nilikuwa harusini kule Wattaya. Kijana mmoja, mpole, msomi, alikuja kunipa mkono, na alipojua mimi ni wa kwenu akaniambia, bila ubaya wowote, "Nyinyi wa Zanzibar, Bibi, mlibahatika. Mlikuja mkakuta milango wazi, mkapewa vyeo." Nilitabasamu tu. Harusini si mahali pa kubishana. Lakini njia nzima ya kurudi, nimekaa kiti cha nyuma cha gari ya mwanangu, nilikuwa nakuona wewe umechuchumaa nje ya ngome juani, na mlango umefungwa.

Kwa hiyo acha nikumbushe, Ami. Wewe unayajua yote, lakini wao hawayajui.

Ulikuwa mudiri Pemba, msimamizi wa wilaya nzima, na mimi nilikuwa mtoto ninayelala chini ya meza yako huku watu wanakuja na mashtaka yao ya mipaka ya mikarafuu na ndoa zilizoharibika. Baba yangu, kaka yako, alikufa kwa homa mimi bado natambaa, na mama yangu akamfuata. Wewe na Bi Zuwena hamkujaaliwa mtoto, mkanichukua, na sikumbuki siku hata moja niliyojihisi ni yatima. Nilichokuwa nikikipenda ni namna ulivyosikiliza. Mtu akisema uongo ulikuwa huna haraka naye. Ulimwacha aseme mpaka mwenyewe achoke.

Ikaja 1964. Sitayaeleza ya mapinduzi hapa, waliyaeleza wengine. Walikuchukua, ukakaa kizuizini, ukarudi kanzu inakupwaya kama si yako. Ulikaa kitandani ukamwambia Bi Zuwena, "Tunaondoka." Yeye akauliza, "Kwenda wapi?" Ukasema, "Kwa babu yangu." Babu yako mwenyewe alikuwa kaburini zamani, na wala hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona nchi yake.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili meli ilipotushusha Maskati. Milima myeusi imekuja mpaka baharini, haina jani. Bi Zuwena alisimama na buibui lake limejaa chumvi, akaitazama ile milima, akasema, "Khamis, hapa hakuna mti hata mmoja." Nawe ukamjibu, "Basi tutajifunza kuyapenda mawe." Alikukasirikia kwa neno lile mwezi mzima.

Mji uliotupokea sitautaja jina. Ni mdogo, uko jirani na Maskati, mwendo wa punda wakati ule, na wenyewe watautambua. Tulipewa nafasi katika mtaa wa makuti ulio nje ya ukuta, karibu na pwani, nyumba za makuti ya mtende kutoka chini mpaka juu, zimebanana kama watu kwenye safu ya sala. Jirani zetu walikuwa Mabulushi wavuvi, na familia chache kama zetu. Ndani ya ukuta walikaa matajiri na liwali, katika nyumba za mawe. Liwali yule alikuwa mzee mkali, haoni kwa jicho moja, anayekaa ngomeni kila asubuhi kusikiliza watu kwa niaba ya Sultani.

Siku ya pili tu ulivaa kanzu iliyopigwa pasi, ukaazima jambia la jirani ulifunge kiunoni, ukenda kuomba kazi. Wale askari na makarani wa mlangoni walipokusikia wakaanguka kicheko. Mmoja akasema unazungumza Kiarabu kama mtu anayetafuna muhogo. Uliporudi Bi Zuwena alikuwa anakungoja na maji ya kunawa.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nirudi."

"Lini?"

"Hawakusema lini," ukamwambia. "Kwa hiyo kesho."

Ukarudi kesho yake, na kesho yake tena. Mudiri mzima, mtu aliyekuwa akifunguliwa mlango wa gari, unakaa chini nje ya ngome pamoja na punda na wabeba maji. Wenzetu wengine waliotoka Zanzibar walikata tamaa, wakaenda zao Kuwait na Dubai, na nchi haikuwataka wala haikuwabembeleza. Walikuambia, "Yakhe, twende. Hapa wewe ni Zinjibari tu." Nawe uliwaaga vizuri, ukawaombea dua, ukarudi ukakaa pale pale.

Mlango ulifunguliwa na Bi Gul, nnataka hili lijulikane. Jirani yetu Mbulushi, mumewe alikuwa amekamatwa na kutiwa ngomeni kwa kosa la mtu mwingine mwenye jina kama lake. Alikuja pale mlangoni analia kwa lugha yake na Kihindi kidogo, na hakuna aliyemwelewa, wanamsukuma tu. Wewe Kihindi ulikijua tangu Pemba, madukani. Ulimkalisha chini, ukamsikiliza mpaka mwisho, kisha ukaingia naye moja kwa moja mbele ya liwali, askari wanakuvuta kanzu, ukaeleza.

Baadaye ulitusimulia mara nyingi, na kila mara ulimwigiza mzee yule kwa kufumba jicho moja.

"Wewe ni Zinjibari," alikuambia.

"Babu yangu alitoka milima hii, Sheikh."

"Kiarabu chako kibaya."

"Ni kweli. Lakini masikio yangu ni mazima."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mume wa Bi Gul alitoka siku ile ile, na wewe ukaingia. Ukawa mkalimani wa liwali. Jioni ukija ulinikalisha mkekani, mimi na wewe, tunasoma Kiarabu pamoja kama watoto wawili wa chuo, na wewe ndiye uliyekuwa mzito wa kushika. Kiingereza na hesabu ulinifundisha wewe. Mama wengine walimwambia Bi Zuwena kwamba msichana wa umri wangu anatakiwa awe jikoni. Alikuwa akiwajibu, "Jikoni anaingia pia. Hamjala mkate wake wa kumimina?"

Haukupita muda mrefu yule mzee akawa hawezi bila yako. Ulijua nani amegombana na nani na kwa nini khasa, na ulijua kunyamaza. Mwaka 1967 alikufanya naibu wake, akakukabidhi muhuri. Naibu wa Liwali! Bi Zuwena alipika biriani, na tulikula sisi na mtaa mzima wa makuti, kwa sababu ulikataa kuhamia ndani ya ukuta. Ulisema naibu akikaa mbali na watu atakuwa hawasikii. Nnakumbuka nilikuwa nikitembea njiani shingo juu. Watu wakisema, "Yule pale ni wa nyumbani kwa naibu," nami najifanya sikusikia ili waseme tena.

Sasa moto.

Mafuta yalikuwa yameanza kutoka nchini, na ghafla kila kipande cha ardhi kilicho karibu na pwani kikawa na watu wanaokitolea macho. Mtaa wetu ulikuwa pale pale ilipo bandari ndogo. Alasiri moja ya upepo mkali, jiko la mtu lilishika makuti. Wallahi, Ami, hata sasa nikisikia kitu kinatatarika najishika kifua. Nyumba ziliwaka kama karatasi. Nilimshika mkono Bi Zuwena tukakimbilia majini, na nikiwa nimesimama na mawimbi yananifika magotini nikakuona unakuja mbio kutoka ngomeni, kichwa wazi. Sikuwahi kukuona nje bila kilemba. Uliingia ukatoka na bibi kizee mgongoni, ukaingia tena ukatoka na mwingine. Hakufa mtu, alhamdulillah. Lakini jua lilipozama hapakuwa na mtaa. Na nyumba yetu ilikwenda pamoja na zote.

Tukakaa chini ya matanga ya madau yaliyotandwa kwenye miti. Bi Zuwena akaanza kifua, anakohoa kutwa kwa majivu. Na liwali mzee naye akawa mgonjwa kitandani, kazi yote ikawa mikononi mwako.

Hapo ndipo alipokuja yule tajiri. Jina lake nnalo, lakini ana wajukuu na wajukuu hawana kosa. Alikuja na watumishi wamebeba haluwa na magunia ya mchele kwa walioungua, akakaa nawe chini ya tanga letu, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kanga namimina kahawa, Bi Zuwena akikanda unga. Nilisikia kila neno.

Alikupa pole ndefu. Kisha akasema, "Sheikh Khamis, moto huu huenda ukawa kheri. Watu hawa wahamie bondeni, nyuma ya mlima. Huko kuna nafasi. Hapa patajengwa maghala, mji utapata maendeleo. Liwali mgonjwa, lakini muhuri unao wewe."

"Wavuvi wakakae nyuma ya mlima?" ulimuuliza.

"Watazoea."

"Na maji?"

"Kisima kitachimbwa."

"Basi kichimbwe kwanza. Siku tutakayokunywa maji yake, njoo tuzungumze."

Akacheka kidogo. Akaweka kikombe chini. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mwenzake, "Nina nyumba ndani ya ukuta. Ya mawe, ya ghorofa, ina kisima chake. Mkeo nnamsikia anakohoa. Ichukue. Usiiite hongo, ni zawadi kwa mtu aliyeunguliwa."

Mimi nyuma ya pazia nilikuwa namwomba Mungu ukubali. Ndiyo, Ami, nilikuwa na miaka kumi na tano na kichwa changu kilinuka moshi, nilitaka kulala kwenye nyumba yenye ukuta. Kisha nikakusikia.

"Tumeungua wengi. Unazo nyumba za wote?"

Tajiri akasimama, akajikung'uta kanzu. "Wewe ni mgeni hapa, Sheikh," alisema. "Na mgeni ni mwepesi kuondoshwa."

Alipokwenda zake Bi Zuwena akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa amekasirika. "Mbona hukuniuliza mimi?" alisema. "Kifua kinachokohoa ni changu."

Hukujitetea. Ulisema, "Kweli. Nnakuuliza sasa. Ukisema twende, nitamfuata njiani."

Alirudi kwenye unga wake akaukanda, akaukanda, mpaka nikafikiri hajibu tena. Mwisho akasema bila kukutazama, "Na jirani yangu huko kwenye mawe atakuwa nani? Bi Gul yuko hapa." Halafu akaanza kusukuma chapati. Watu wakinisifia Liwali mimi huwaambia wamsifie na Bi Zuwena, kwani siku ile neno lake ndilo lililokuwa zito, na wewe ulilijua hilo, nnakumbuka ulivyomtazama.

Muhuri hukuupiga. Ulichofanya ni kupeleka watu mashambani kuleta makuti mapya, na wewe mwenyewe, umepandisha kanzu, ukashika kamba ukapima njia pana kati ya nyumba na nyumba ili moto usipate tena pa kurukia. Wazee walinung'unika kwamba vijia vimekuwa vipana kama vya sultani. Ulijibu, "Bora upepo upite kuliko moto." Mtaa ulisimama tena kabla ya mwezi wa Ramadhani, na tulifuturu ndani ya nyumba.

Baada ya Idi alikuja askari na amri ya kukuvua cheo. Haikusema sababu. Ulikwenda ndani, ukaufuta muhuri kwa kitambaa safi, ukampa mkononi. "Mwambie aliyekutuma haukutumika vibaya," ulimwambia. Yule askari mwenyewe alishindwa kukutazama usoni. Ukatoka nje kumsindikiza, ukakuta mtaa mzima umesimama pale, wanaume kwa wanawake. Walisimama tu mpaka ukawaambia wakaswali, adhuhuri imeingia.

Wengi wanadhani mtu kama wewe hakuwa akivunjika. Ulivunjika, Ami. Ulikaa ndani wiki baada ya wiki umeegemea nguzo, kahawa huitaki, mtu huonani naye. Bi Zuwena alijaribu kila kitu. Mpaka asubuhi moja Bi Gul na mumewe wakaja mlangoni wanagombana kwa makelele, kila mmoja anamvuta mbuzi upande wake. Bi Gul anadai mbuzi ni mahari yake, mume anasema alimnunua yeye. "Tuamulie!" wakapiga kelele. Ukasema wewe si naibu tena. "Hatujaja kwa naibu," Bi Gul akasema. "Tumekuja kwa Khamis." Ukatoka nje ukiwa na ghadhabu, ukakaa mkekani, ukaanza kuwauliza. Uliwauliza mpaka adhuhuri. Ikawa mwisho mbuzi ni wa Bi Gul.

Kesho yake wakaja wengine wenye ugomvi wa wavu. Kisha wengine. Ulianza tena kunywa kahawa. Bi Gul alikuwa mzee sana aliponieleza kwamba hawakuwa na ugomvi wowote kuhusu yule mbuzi, walipatana nyumbani kabla ya kuja. Sijui kama ulipata kulijua hili. Nnafikiri ulilijua tangu swali la kwanza, ukaamua kuuliza mengine.

Miaka ile ulipata riziki kwa kuwafasiria wapima ardhi wa kigeni, mnatoka na magari asubuhi mnapita Rusayl, wakati huo bonde tupu la mawe na mbuzi, unarudi umejaa vumbi mpaka kope. Hukuwahi kusema kazi ile ni ya chini. Na jioni mkeka ulikuwa haukosi watu. Ngomeni aliletwa naibu mwengine, na watu walipanga foleni kwako. Wakakuita Liwali wa Mkekani, mwanzo kwa mzaha, kisha bila mzaha.

Ikafika 1970. Mtawala mpya, na nchi ikawa kama mtu aliyefunguliwa kitambaa machoni. Redioni wakawaita watu wa Oman waliotawanyika warudi, walete elimu yao. Siku moja Landrova ikaingia katika zile njia zako pana, ikapita bila kukwaruza nyumba hata moja, ikasimama kwetu. Wewe ulikuwa juu ya paa unafunga makuti. Ofisa akashuka, akauliza, "Yuko wapi Khamis aliyekuwa naibu?" Bi Zuwena akaonesha juu kwa kidole. Alifikiri wamekuja kukukamata.

Ulikwenda nao hivyo hivyo, na makuti kichwani. Uliporudi jioni ulikaa ukavua viatu taratibu.

"Wamenipa mji," ulisema.

"Mji gani?" Bi Zuwena akauliza.

"Huu."

Akaweka mikono kichwani. Akacheka, akalia, kisha akapiga kigelegele, Bi Gul akakipokea nyumba ya pili, na kikaenda hivyo nyumba kwa nyumba mpaka pwani. Mimi nilitoka nje nikasimama uwazini, machozi yananitoka, nasikiliza jina lako linavyoitwa. Ukatueleza kwamba wakubwa walikwenda kumuuliza liwali mzee, aliyekuwa keshafika ukingoni, nani anafaa. Naye alisema, "Yule mwenye Kiarabu kibaya."

Uliyoyafanya kama liwali yanajulikana: barabara, zahanati, maji ya bomba mpaka mtaa wa makuti kabla ya ndani ya ukuta. Mimi nnataka nimalizie kwa siku moja tu.

Ilikuja amri kwamba ifunguliwe skuli ya wasichana. Ulikuwa umekwenda nyumba kwa nyumba kuomba mabinti, na kila nyumba walikupa kahawa na hawakukupa binti. Ukawaita wazee barazani. Ulinituma nikae chumba cha pembeni, hukuniambia kwa nini, na mlango ukauacha wazi kidogo.

Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, mtu wa kheri anayeheshimiwa, alisema, "Liwali, barabara tumekubali. Daktari tumekubali. Mabinti zetu tuachie."

"Kwani mnaogopa nini, Sheikh wangu?"

"Wataharibika. Na huyo mwalimu atakayewafundisha ni nani? Utatuletea mwanamume mgeni?"

"La. Mwalimu nnaye," ukasema. Ukaniita.

Niliingia na buibui langu. Sikuwahi kusimama mbele ya wanaume wengi vile, wote wananitazama kisha wanainamisha macho. Ulisimama wewe nawe. Liwali anasimama kwa ajili ya msichana, na wao ikabidi wajivute kidogo pale walipokaa.

"Huyu nimemfundisha mwenyewe, tangu mdogo," uliwaambia. "Kusoma, kuandika, hesabu, lugha ya watu wengine. Mtazameni adabu yake, ulizieni mtaani. Mkiona nimewaharibia mabinti zenu, basi nilianza na wa kwangu."

Yule mzee mwenye ndevu akanigeukia. Akaniuliza kwa upole, kama wanavyouliza wazee wote wa nchi hii, kwani kabla ya kukujua lazima wajue umetoka wapi.

"Wewe ni mtoto wa nani, binti?"

Nilikuwa nnalijua jibu la kawaida. Jina la baba yangu, aliyekufa, Mungu amrehemu, mtoto wa fulani bin fulani. Nilikuwa nimejibu hivyo maisha yangu yote, kwa kuwa ndiyo haki yake na ndiyo nasaba. Lakini ulimi ulikwenda kwengine.

"Mimi ni mtoto wa Liwali," nikasema.

Sikukutazama. Sikuthubutu. Nilisikia tu ukikohoa. Yule mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Basi kesho nitamleta mjukuu wangu." Akamleta. Na wengine wakamfuata.

Ami, wale wasichana wamekuwa wanawake wenye mvi sasa, na mabinti wa mabinti zao wananisimamisha madukani kunisalimia. Nikiulizwa nani aliyenifunza kazi nnasema ni wewe, na nikiulizwa nani aliyekupa cheo nnasema ni watu waliokuja kukaa mkekani kwako wakati huna cheo. Sijui kusifu kwa maneno makubwa. Nnajua tu kwamba nikikutaja nyumba hii inanyooka, hata wale wadogo wanaokaa ovyo wanakaa vizuri.

Wanaadhini hapa msikiti wa jirani, na mimi sijatia udhu. Nikimaliza kuswali nitakusomea Fatiha wewe na Bi Zuwena, kisha nitapika wali, leo wanakuja wote. Mwambie asikohoe tena huko. Mwenyezi Mungu awape nyumba pana, mumkaribishe na Bi Gul.

Mtoto wa Liwali,

Salma

Azaiba